Kijiji cha Glencolmcille, Ayalandi: padri, nyumba za nyasi na safari ya peku (uzi mrefu, jiandaeni)

Mwana Mikindani
Wakuu habari zenu. Kuna mtu kule kwenye uzi wa vivutio aliuliza hivi wazungu nao wana vijiji vyenye mila zao au kwao kila kitu ni ghorofa na treni, nikaona jibu lake haliwezi kukaa kwenye komenti moja bora nifungue uzi. Mimi niko Ayalandi, kazi yangu ni kutunza wazee, na wazee wa huku wakishakuzoea watakupa stori mpaka shifti inaisha hujui saa ngapi.

Kijiji chenyewe kinaitwa Glencolmcille, wenyewe wanaandika Gleann Cholm Cille, yaani bonde la Mtakatifu Colm Cille. Kiko kaunti ya Donegal, kona ya kusini magharibi kabisa, baada ya hapo ni Atlantiki tu mpaka Amerika. Ukitaka kufika unapita Killybegs, ile bandari kubwa kuliko zote za uvuvi Ayalandi, halafu Kilcar, halafu Carrick, halafu barabara inapanda kwenye nyika ya kinamasi ambayo haina mti wala nyumba, kondoo tu na upepo, unaanza kujiuliza umepotea au vipi, mara bonde linafunguka chini yako na bahari mwisho wake.

Kingine muelewe kwanza jiografia. Donegal iko kaskazini kabisa mwa kisiwa lakini SIO Ayalandi ya Kaskazini. Iko jamhuri. Mpaka ulipochorwa miaka ya 1920 Donegal ikabaki imening'inia, inagusana na kaunti moja tu ya jamhuri ambayo ni Leitrim, pengine kote imepakana na upande wa Waingereza au bahari. Kwahiyo huo mkoa ulisahaulika sana na serikali ya Dublin, na reli ndogo waliyokuwa nayo ilikuja kufungwa mwisho wa 1959, mpaka leo treni Donegal hakuna.

Ntaendelea, naingia kazini.

Tingatinga255
Nimekaa siti ya mbele mkuu. Ila usitukatie utamu kama wale wa simulizi za sehemu ya 47.

Bi Mkora
Hebu subirini, Kiayalandi ni lugha? Mi nilijua wanaongea Kiingereza tu kwa lafudhi ya kuvuta.

Mwana Mikindani
@Bi Mkora ni lugha kamili, haifanani na Kiingereza hata chembe. Wengi nchini wanaongea Kiingereza ila kuna maeneo yametengwa kisheria kama maeneo ya lugha hiyo, na hili bonde ni mojawapo. Vibao vya barabarani huko vimeandikwa Kiayalandi peke yake, kwahiyo ukiwa na ramani ya Kiingereza kichwani jiandae kuzunguka.

Sasa twende kwenye stori yenyewe. Mwaka 1951 aliletwa padri mmoja pale anaitwa James McDyer. Kwao ni hukohuko Donegal, upande wa Glenties, alizaliwa 1910. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa anahudumu Uingereza, huko akaona vijana wa Kiayalandi wanavyoishi kwenye vyumba vya kupanga na kazi za sulubu, halafu akapelekwa kisiwa cha Tory ambacho bahari ikichafuka hakuna kuingia wala kutoka. Kwahiyo anafika Glencolmcille tayari ana hasira.

Akakuta nini? Yeye mwenyewe aliita laana tano za bonde: hakuna kiwanda, hakuna maji ya bomba, hakuna umeme, hakuna zahanati, hakuna barabara ya lami. Hii ni 1951 wakuu, Ulaya. Na vijana wanaondoka. Huku kuondoka ni utamaduni, tangu zamani watoto wa Donegal walikuwa wanapelekwa kwenye masoko ya kuajiri vibarua, mtoto anasimama pale tajiri anamkagua anamchukua miezi sita akamlimie. Wakubwa wanaenda Uskoti kuvuna viazi. Wakishafika ishirini na kitu wanahama moja kwa moja, Glasgow, London, Boston. Padri anabatiza wachache, anazika wengi, anafungisha ndoa kwa nadra maana waoaji hawapo.

Wengi wangefanya novena, yaani sala za siku tisa. McDyer akaanza na ukumbi. Wanakijiji wakajenga wenyewe kwa nguvu zao ukumbi wa jamii, ili vijana wawe na pa kucheza dansi na kukutana. Mi naona ukishindwa kuwafanya watu waamini kitu kimoja kidogo huwezi kuwaambia habari za viwanda. Halafu akaanza kusumbua ofisi za serikali, umeme ukaja, maji yakaja, kiwanda kidogo cha kufuma vitambaa vya sufu kikaja. Baadaye ushirika wa mboga, kiwanda cha kusindika, ufumaji wa masweta, hoteli.

Dr Kisamvu
Aisee hiyo si ujamaa kabisa? Huyo padri angekuja Dodoma angepewa kata.

Mwana Mikindani
@Dr Kisamvu umegusa penyewe. Walimwita mkomunisti. Padri Mkatoliki miaka ya sitini Ayalandi kuitwa mkomunisti sio utani. Alikuja na wazo kwamba wakulima wa bonde waunganishe vishamba vyao viwe shamba moja la pamoja kila mtu awe na hisa, kwasababu mashamba yalikuwa vipande vipande vya mawe na kinamasi, mtu ana ng'ombe wawili na kondoo anaitwa mkulima. Serikali haikumuunga mkono na mpango haukufika mbali. Wengine wanasema ungefeli tu, wengine wanasema uliuawa na wakubwa wa wizara. Mi naona alikuwa na bahati haukufika mbali, tungekuwa tunaandika uzi mwingine saivi.

Na sio kila alichoshika kiliota. Biashara ya mboga haikudumu ikabidi wahamie kwenye samaki. Wapo waliosema ni mbabe, akishaamua ameamua. Nasema hivi ili msidhani naandika maisha ya watakatifu, mtakatifu wa bonde ni mwingine na nitafika kwake.

Kitu kilichodumu kuliko vyote ndio hiki kilichonifanya nifungue uzi: kijiji cha urithi, walikifungua 1967. Wanakijiji walijenga nyumba tatu juu ya ufukwe, kila moja ya karne yake. Moja kama waliyoishi watu miaka ya 1700, nyingine ya miaka ya 1800, nyingine ya miaka ya 1900. Vyombo vya ndani vilitoka majumbani kwao. Bibi ana gurudumu la kusokotea sufu limekaa darini analeta, mwingine analeta chungu cha chuma, kitanda, taa ya mafuta, picha ya Moyo Mtakatifu. Baadaye zikaongezeka nyumba ya mvuvi, shule ya zamani yenye madawati na wino, na kibanda cha chai.

Bi Mkora
Kwahiyo walijenga umaskini wao upya halafu wakakatisha tiketi? Mbona kama kuna kitu hakijakaa sawa hapo. Yaani mtalii anakuja na kamera kuangalia bibi yangu alivyokuwa analala na moshi?

Tingatinga255
@Bi Mkora 😂😂 mbona hata Dar tunacho Kijiji cha Makumbusho, nyumba za makabila, miaka hiyohiyo ya sitini. Shule ya msingi tulipelekwa wote pale tukala soda tukarudi.

Bi Mkora
Ndio maana nauliza. Pale nani anakula? Mwenye nyumba au mwenye tiketi?

Mwana Mikindani
@Bi Mkora swali zuri na ndio kiini cha uzi wangu. Kwa Glencolmcille mwenye nyumba na mwenye tiketi ni mtu mmoja. Sio serikali ya Dublin iliyokuja kuchukua vyombo vya watu ikaviweka makumbusho ya taifa nyuma ya kioo. Ni ushirika wao, vitu vyao, anayekutembeza ni wa kijijini, na pesa ya mlangoni inabaki bondeni. Hilo moja.

La pili, aibu. Kizazi kile kilikuwa kinaionea aibu nyumba ya nyasi. Mtu akipata visenti vya mtoto aliyeko Boston jambo la kwanza anabomoa au anaezeka bati, anajenga bangaloo ya saruji. McDyer akawaambia hiki mnachoficha ndicho mgeni atakachofunga safari kukiona, na kwa vile hatuna kiwanda cha magari basi tuuze tulichonacho. Mwaka uliofuata wakajenga na nyumba za kupangisha wageni, za nyasi juu lakini ndani bomba na umeme. Hiyo ni biashara kavukavu, hakuna romansi. Mimi naiheshimu kwasababu hawakujidai wanahifadhi kwa ajili ya roho ya taifa, walikuwa wanataka binti wa jirani apate kazi asipande meli.

Makuti Original
Mimi fundi wa kuezeka, nipo Unguja, mahoteli ndio kazi yangu. Nieleze paa lao linakaaje kwenye upepo wa Atlantiki, maana sisi makuti kaskazi ikikaza tu tunaitwa usiku. Usinipe habari za watakatifu nipe paa.

Mwana Mikindani
@Makuti Original hahaha haya fundi. Paa la huko Donegal halina kichogo kilichochongoka, mgongo wake wa mviringo ili upepo upite juu usipate pa kushika. Malighafi inategemea na mtu anaishi wapi: majani ya ngano au shayiri, matete, kitani, hata nyasi za kwenye vichuguu vya mchanga ufukweni. Chini ya nyasi wanatandaza kwanza tabaka la majani ya ardhini yaliyokatwa na mizizi na udongo wake kama mkeka mnene, nyasi zinakaa juu ya hapo.

Halafu sasa ndio penyewe: kamba. Paa zima linafungwa kwa kamba zinazopita juu toka ukuta wa mbele mpaka wa nyuma, nyingine zinakatiza kwa urefu, inakuwa kama wavu. Na kwenye ukuta chini ya paa kuna vigingi vya MAWE vimechomoza vimejengewa humohumo ukutani, kamba zinafungwa hapo. Ukiona nyumba ya zamani haina paa tena ila ina vijiwe vimechomoza juu ya ukuta, ujue ilikuwa ya nyasi. Ukienda bara ndani ambako upepo ni mdogo huvioni, huko wanabana nyasi kwa vijiti.

Nyasi zinaongezewa tabaka kila baada ya miaka kadhaa, na mafundi waliobaki ni wachache kwahiyo bei yao sio ya mchezo. Njoo na visa yako fundi utapiga hela.

Makuti Original
Vigingi vya mawe ukutani. Hii nimeiiba tayari, kesho naongea na mjenzi. Ndani je, moshi unatokea wapi?

Mwana Mikindani
Bomba la moshi lipo kwenye nyumba za karne za baadaye. Nyumba ya kwanza ile ya miaka ya 1700 ni giza, dirisha kiduchu, sakafu udongo. Jiko liko chini, moto wa udongo wa kinamasi: wanauchimba kwa jembe maalum lenye bawa pembeni, unatoka kama tofali jeusi la maji, wanaupanga juani (jua lenyewe la kubahatisha) mpaka ukauke. Unawaka polepole, harufu yake ukishaizoea huisahau. Usiku moto hauzimwi, unafukiwa majivu, asubuhi unafukuliwa. Wazee wanakwambia moto wa nyumba fulani haukuwahi kuzimika toka babu yake babu. Mi sijui kama ni kweli ila wanavyosema huwezi kubisha.

Kuna kitu nilikipenda sana. Pembeni ya jiko ukuta umetokezwa nje kidogo kama kishubaka kikubwa, ndani yake kitanda chenye pazia. Hicho cha wazee. Bibi na babu wanalala sehemu yenye joto kuliko zote, na wanaendelea kusikia stori za wageni wakiwa kitandani. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee yenye hita kila chumba na bado kitanda kile kinanipa mawazo.

Mlango nao umekatwa nusu. Nusu ya juu wazi mwanga uingie na moshi utoke, nusu ya chini imefungwa kuku wasiingie na mtoto asitoke. Jioni mtu anaegemea pale anapiga umbea na wapita njia.

Njoki wa Eldy
Mimi niko Kenya na hii stori imenishika bana. Sisi huku Rift Valley mapadri na mabruda wa Irish tunawajua sana. Bruda Colm O'Connell wa Iten, ni wa Cork huyo, alikuja 1976 shule ya St Patrick's kufunza watoto, hakuwa hata amesomea ukocha wa riadha na ndiye alimtoa David Rudisha. Turkana pia walikuwa mapadri wa Irish kibao, visima na zahanati. Sasa naelewa hiyo tabia ya padri kuchimba mtaro wameitoa wapi. Endelea na mtakatifu sasa.

Mwana Mikindani
@Njoki wa Eldy asante, hapo umenena. Wengi waliokuja kwetu walitoka kwenye vijiji vya namna hii hii, maji ya bomba wenyewe waliyaona wakubwa.

Haya, Colm Cille. Alizaliwa karibu mwaka 521 hukohuko Donegal sehemu inaitwa Gartan, ukoo wa kifalme, akawa mtawa. Mwaka 563 akavuka kwenda kisiwa cha Iona, Uskoti, akaanzisha monasteri iliyokuja kuwa maarufu dunia nzima, akafia huko 597. Kwanini aliondoka? Hadithi inasema alinakili kitabu cha zaburi cha mwalimu wake Finnian kimyakimya usiku, mwalimu akadai nakala ni yake, wakapelekana kwa mfalme Diarmait. Mfalme akahukumu: kila ng'ombe na ndama wake, na kila kitabu na nakala yake. Colm Cille akakataa, ukoo wake ukaingia vitani watu wakafa, yeye akajipeleka uhamishoni. Kesi ya hakimiliki ya karne ya sita wakuu. Wale wa kudownload muvi mnaelewa uzito.

Hadithi ya bondeni sasa. Mtakatifu Patriki alipofukuza mashetani kutoka mlima wake kule Mayo, baadhi wakakimbilia kwenye hili bonde wakajifunika ukungu, hakuna mtu aliyeweza kuingia. Colm Cille akaja, akawatupia jiwe na kengele yake, ukungu ukakatika wakakimbilia baharini wakawa samaki. Ukifika siku ya ukungu, na siku za ukungu ni nyingi, unaelewa kwanini walihisi kuna kitu kimejificha.

Kinachobaki mpaka leo ni safari ya kuzunguka, wanaiita Turas. Vituo 15 vimetawanyika bondeni, kimoja kimoja kwenye mashamba ya watu, karibu na mto, juu mlimani. Siku yake ni sikukuu ya mtakatifu, tarehe 9 Juni, ila wengine wanaifanya siku nyingine za kiangazi. Mapokeo ni peku. Peku kwenye mawe, matope ya kinamasi, kinyesi cha kondoo, kupanda mlima na kushuka, kilomita kama tano, inachukua masaa zaidi ya matatu kama unasali kweli. Kila kituo unazunguka rundo la mawe mara tatu kufuata mwendo wa jua, sala zake zinajulikana.

Vituo vingine vina nguzo za mawe zilizochongwa misalaba na nakshi za mafundo mafundo, wataalamu wanazirudisha zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Kuna moja ina matundu. Wanasema ukichungulia kwenye tundu na roho yako ni safi unaona mbingu, na zamani wachumba walikuwa wanashikana vidole kupitia tundu ndio uchumba umetangazwa. Kuna kisima cha Colm Cille juu mlimani, rundo la mawe lililokizunguka ni kubwa balaa kwasababu kila anayepanda anabeba mawe anayaacha pale. Karne kwa karne. Hakuna aliyesanifu hilo jengo, limejengwa na miguu.

Sasa sikilizeni hili. Kituo cha kwanza kipo kwenye kaburi la mawe la watu wa kale, waliozikwa kabla hata Ukristo haujawaziwa, karibu na kanisa la Kianglikana. Wakatoliki wanaanzia safari kwenye kaburi la wapagani jirani na kanisa la Waprotestanti, na hakuna anayeona ajabu. Ukisogea upande wa Malin More kuna makaburi mengine makubwa ya mawe, moja lina ua wa duara wa mawe ambao ukiingia unasimama katikati kama umeingia barazani kwa mtu, lina zaidi ya miaka 5,000. Halina geti, tiketi wala mlinzi. Kondoo wanajikuna hapo.

Dr Kisamvu
Swali la kichokozi. Kati ya kile kijiji cha tiketi na hiyo Turas wewe unaona urithi hasa ni upi? Maana kimoja ni duka.

Mwana Mikindani
Turas, bila kufikiria mara mbili. Haijawahi kufufuliwa kwasababu haijawahi kufa. Hakuna kamati iliyokaa ikasema tutunze utamaduni, mtu anavua viatu kwasababu mama yake alivua. Ila sikubaliani na wewe kuita kile kingine duka kwa dharau. Turas inahitaji watu wenye magoti mazima wanaoishi pale. Bonde likibaki na wazee wanane na nyumba za wenye pesa wa Dublin wanaokuja Agosti, nani atazunguka? Duka ndilo lilibakiza baadhi ya watu. Sisemi wote, maana mpaka leo vijana wanaondoka, Sydney na Toronto, na nyumba za likizo zisizo na mtu kipindi cha baridi zipo. McDyer alifariki 1987 na hakushinda ile vita, aliipunguza kasi.

Na lugha ni hivyohivyo. Mwaka 1984 wakaanzisha pale shule ya Kiayalandi kwa watu wazima, inaitwa Oideas Gael. Watu wanatoka Marekani, Ujerumani, Japani wanakaa wiki nzima asubuhi darasani jioni baa wanajaribu kuagiza kinywaji kwa lugha. Rais mstaafu wa Ayalandi Mary McAleese naye alisoma pale. Wanalala kwa wanakijiji kwa kulipia. Unaona mtindo? Kila wanachokitunza wanakitafutia namna ya kulipia bili ya umeme.

Bi Mkora
Sawa nimekuelewa kuhusu tiketi. Bado sikubali yote. Mtu akianza kuishi kwa kuonyesha ya jana, ya leo anaijenga saa ngapi? Hao vijana wa Sydney labda ndio wanakimbia kuwa maonyesho.

Mwana Mikindani
@Bi Mkora hapo siwezi kukupinga kwa nguvu. Kuna vijana wa huku niliofanya nao kazi, ukiwasifia nyumba za nyasi wanacheka, wanataka intaneti ya kasi na kodi nafuu.

Tingatinga255
Mkuu tupe ya mwisho ya kuchekesha, umetuweka kanisani muda mrefu.

Mwana Mikindani
Haya. Nyuma ya mlima kuna bonde dogo linaitwa Glenlough, halina barabara, unafika kwa miguu tu. Mchoraji Mmarekani Rockwell Kent alikwenda kuishi huko 1926, akakitengeneza kibanda cha mkulima mmoja kikawa studio, akachora picha ambazo saivi ziko kwenye makumbusho makubwa. Mwaka 1935 mshairi wa Wales, Dylan Thomas, naye akaletwa kukaa kwenye kibanda kilekile apate utulivu mbali na pombe za London. Pombe aliikuta hukohuko maana ya kienyeji ilikuwepo. Wenyeji wanasimulia aliondoka bila kulipa kodi ya pango. Bonde limesamehe mashetani lakini hiyo kodi bado wanaisema.

Pia ukipanda Slieve League jirani yake, majabali ya bahari yenye mita 601, utakuta njiani neno EIRE, yaani Ayalandi kwa lugha yao, limeandikwa ardhini kwa mawe makubwa meupe. Liliwekwa wakati wa vita kuu ya pili ili marubani wajue hapa ni nchi isiyofungamana na upande wowote, wasitupe mabomu. Mawe tena. Hawa watu ukiwapa jiwe hawalali.

Njoki wa Eldy
Mimi nina sister yangu ni nesi Dublin, nimemtumia hii thread anataka kwenda na wenzake mwezi wa sita. Anapanda basi gani?

Mwana Mikindani
@Njoki wa Eldy mwambie dada yako asikimbilie basi la Dublin kwenda Donegal kabla hajasoma hapa. Lile linapita Enniskillen, na Enniskillen ni Ayalandi ya Kaskazini, yaani ardhi ya Uingereza. Mpakani hakuna geti wala askari, barabara inabadilika rangi ya mistari tu, lakini mwenye pasi ya Kenya au Tanzania na kibali cha kukaa Ayalandi anatakiwa awe na visa ya Uingereza kupita pale, na kuna siku wanasimamisha basi wanakagua. Wenzetu wengi hawajui hili mpaka wanashushwa.

Njia salama: treni Dublin mpaka Sligo, kutoka Sligo basi mpaka Donegal mjini, hapo yuko ndani ya jamhuri muda wote. Donegal mjini achukue basi dogo la vijijini linalopita Killybegs. Haya mabasi ni machache kwa siku, Jumapili ndio usiseme, akague ratiba kabla. Kijiji cha urithi kinafunguliwa majira ya joto, kuanzia Pasaka mpaka vuli hivi, baridi wanafunga. Kwa tarehe 9 Juni awahi kutafuta pa kulala maana vyumba bondeni vinahesabika. Koti la mvua, hata kama jua linawaka asubuhi.

Njoki wa Eldy
Asante sana. Na kama hataki kutembea peku watamfukuza?

Mwana Mikindani
Hakuna anayemfukuza mtu. Wapo wanaovaa buti, wapo wasio Wakatoliki wanatembea kimya nyuma. Asipige picha watu wakiwa wanasali, na akikuta geti la shamba limefungwa alifunge tena akishapita, kondoo wakitoka hapo ndio atafukuzwa.

Makuti Original
Fundi nimerudi. Hivyo vigingi vya mawe vinachomoza nchi ngapi nje ya ukuta?

Mwana Mikindani
😂😂 Fundi umeganda hapohapo. Nikienda tena nakupigia picha na kiganja changu pembeni upate kipimo.